Kufufua Simu za Kale za Melini Ukiwa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyeshika simu nzito ya meli mkononi, awe ameirithi, ameiokota kwa muuza vyuma au ametumiwa kutoka Mombasa, naye anataka izungumze tena. Msimamo wangu utauona kila mahali: sauti kwanza, kung'aa baadaye. Simu inayong'aa huku imekufa ndani imeharibiwa, hata kama sebuleni inapendeza.

Simu ya melini ni ipi hasa?

Ni simu ya ndani ya chombo. Iliunganisha chumba cha usukani na chumba cha injini, na sehemu nyingine kuanzia omo, ambako nanga hushushwa, hadi tezi, ambako mtambo wa usukani umefungwa. Haikuundwa kupigia watu wa nchi kavu. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unadai kuwe na angalau njia mbili zisizotegemeana za kupeleka amri kutoka chumba cha usukani hadi chumba cha injini. Simu imekuwa mojawapo ya njia hizo kwenye meli nyingi.

Ndiyo maana ilivyo ni tofauti na ile ya mezani. Kasha ni nene, la shaba ya njano, alumini, chuma cha kusubu au bakelaiti. Mlango una gasketi ya mpira, nyaya huingia kupitia tundu lenye kizibo cha kubana, na mkono wa simu hukaa kwenye kishikio chenye springi ili usirushwe meli inapoyumba. Watengenezaji utakaokutana nao ni kama Siemens Brothers wa Woolwich na Alfred Graham wa London, Hose-McCann na Henschel wa Marekani, Le Las wa Ufaransa na Elektrisk Bureau wa Norwei.

Nairobi haina bahari. Simu hizi hufikaje hapa?

Kwa njia nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni Mombasa: vyombo vinapokatwa au kukarabatiwa, vifaa vyake huuzwa kwa kilo na vingine hupanda juu hadi huku. Ya pili ni Kisumu. Shirika la reli la zamani ndilo lililoendesha meli za Ziwa Victoria, na meli kama Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, na vivuko vya mabehewa vya Umoja na Uhuru vya miaka ya 1960, viliundwa Scotland, vikaletwa vipande vipande hadi Mombasa, vikapanda reli na kuunganishwa Kisumu. Reli hiyo inapita Nairobi, kwa hiyo mji huu umehusika na vifaa vya meli muda mrefu.

Ya tatu ni kontena. Pwani ya Alang, Gujarat, India, hukatwa meli nyingi sana, na vitu vyake husambaa duniani kote, vya kweli na vya kuigiza vikiwa vimechanganywa.

Nitajuaje si ya kuigiza?

Ifungue. Ya kuigiza huwa tupu ndani, au ina kengele ya umeme ya bei rahisi iliyobandikwa kwa gundi. Ya kweli ina namba za vipuri zilizogongwa au kuchorwa kwenye chuma, nyaya zenye vibandiko vya namba, na kishikio kilicholika pale pale mkono wa simu ulipokuwa unagusa kwa miaka. Tazama pia skrubu: simu ya Kiingereza ya mwaka 1940 haina sababu ya kuwa na skrubu mpya za kichwa cha nyota. Shaba inayong'aa sawasawa kila pembe, hata mgongoni palipokuwa pamegusana na ukuta wa meli, ikutie shaka.

Kuna aina ngapi, na yangu ni ipi?

Kwa kazi yetu, tatu zinatosha.

Kuna ya betri na mkono wa kuzungusha. Ndani ina kijenereta chenye sumaku, kengele, na kipaza sauti cha kaboni kinachohitaji betri ya karibu volti 3.

Kuna inayotumia nguvu ya sauti peke yake. Haina betri popote. Kwenye zile za jeshi la wanamaji la Marekani utaona herufi za mkondo, yaani njia ya mawasiliano iliyotengewa kazi fulani, kwenye bamba, mfano 1JV, mkondo wa kuongozea chombo na kukifunga gatini.

Na kuna yenye kidude cha kuzungusha namba, iliyofungwa kwenye swichibodi ya meli. Hii ndiyo inayokaribiana na simu ya nyumbani.

Ukiwa huna hakika, fuata nyaya za kipaza sauti. Zikienda kwenye sanduku la betri au koili, ni ya kaboni. Zikienda moja kwa moja kwenye vituo viwili vya kutokea nje, yaani mahali pa kufungia nyaya, huku kipaza sauti na kisikilizio vikifanana kama pacha, una simu ya nguvu ya sauti. Shukuru.

Inawezekanaje simu izungumze bila betri wala umeme?

Swali hili napenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa hutaiharibu simu yako.

Ndani ya kipaza sauti kuna kiwambo chembamba cha chuma. Nyuma yake, kwa kijiti kidogo, kimeunganishwa na ulimi wa chuma ulioning'inia katikati ya ncha za sumaku ya kudumu, na ulimi huo umezungukwa na koili ya waya mwembamba kama unywele. Ukisema, hewa hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa ulimi, na kila ulimi unaposogea kiasi cha nguvu ya sumaku kinachopita ndani ya koili hubadilika. Badiliko hilo huzaa umeme. Ni mdogo mno, lakini una umbo lile lile la sauti yako. Husafiri kwenye waya hadi upande wa pili, huingia kwenye koili ya mwenzako, na kazi yote hurudi kinyumenyume: umeme unavuta ulimi, ulimi unatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa hewa ya sikioni mwake.

Simu za mwanzo za Alexander Graham Bell, za miaka ya 1870, zilitumia kanuni hii hii. Vipaza sauti vya kaboni vilikuja baadaye kwa sababu sauti ilihitaji kwenda mbali zaidi. Meli ikarudia kanuni ya kale kwa sababu moja nzito: maji yakiingia na jenereta zikizima, mtu aliye chini bado anaweza kumwambia nahodha kinachotokea.

Sasa ona inamaanisha nini kwa fundi. Nguvu yote ya simu hii imo kwenye sumaku na kwenye nafasi finyu iliyo kati ya ulimi na ncha zake. Ukiitenganisha sumaku na vyuma vinavyoizunguka, hasa zile za aloi ya alumini, nikeli na kobalti, inapoteza sehemu ya nguvu yake na haitairudisha yenyewe. Ukiusogeza ulimi kidogo tu, unagusa upande mmoja na sauti inakufa. Kwa hiyo kidonge cha kipaza sauti, yaani kile kipande kizima chenye kiwambo, ulimi na sumaku, hakifunguliwi kwa udadisi. Kikifanya kazi, kisafishe nje na ukiache.

Nimeinunua leo. Nianze na nini?

Piga picha. Kila upande, kila waya, kabla hujagusa skrubu hata moja. Kisha chukua vibandiko vya karatasi uandike kila waya unatoka kituo gani kwenda kipi. Rangi za nyaya za kale zimefifia kiasi kwamba nyekundu na kahawia hazitofautiani, na mchoro wa ndani ya mlango, kama upo, huenda ulibadilishwa na fundi wa melini bila kuandika.

Usiichomeke popote. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na hakuna sehemu ya simu hii inayouhitaji. Nimewaona watu "wakijaribu kengele" kwenye soketi. Koili huungua papo hapo, na aliyeishika yumo hatarini.

Kuna sumu ndani?

Inawezekana, na hapa usikimbilie kazi.

Rangi za meli za zamani, hasa ya msingi yenye wekundu wa chungwa, mara nyingi zina risasi. Usizisugue kwa msasa mkavu wala kuzichoma kwa moto. Lowesha, kwangua polepole, kusanya uchafu kwenye gazeti, funga na utupe mbali na watoto. Mama mjamzito asiwe karibu na kazi hii.

Nyuzi nyeupe au za kijivu zilizofumwa kama kamba, zilizozunguka nyaya za simu ya chumba cha injini, zinaweza kuwa asbesto. Usizivute zikiwa kavu wala kuzipuliza kwa hewa ya kompresa.

Alama au namba zilizopakwa rangi nene ya krimu au kahawia ili zionekane gizani zinaweza kuwa na radiamu. Kutowaka kwake si dalili ya usalama: kinachochoka ni kemikali ya kuwaka, lakini radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Usiikwangue kamwe. Ifunike, ifungie mbali na mahali mnapolala, na uulize Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya kabla ya kuendelea.

Na kapasita za zamani zenye mafuta usizipasue. Zitoe nzima.

Skrubu zimeshika kabisa. Nifanyeje?

Subira, mafuta ya kupenya, na bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa. Tia tone, liache usiku kucha, gonga kichwa taratibu, tia tena. Skrubu ya chuma ndani ya kasha la alumini huwa imekamatana nalo kwa sababu maji ya chumvi yalikuwa kati yao miaka mingi. Hapo joto kidogo la chuma cha kusolda kwenye kichwa cha skrubu husaidia, mradi bakelaiti na sumaku ziwe mbali.

Ikikatika au ikipotea, jua kwanza ni ya kipimo gani. Simu za Kiingereza zilitumia kipimo cha BA (British Association), kipimo cha kale cha Kiingereza cha skrubu ndogo. Skrubu ya 2BA ina upana wa milimita 4.7, na watu huilazimisha M5, skrubu ya leo ya milimita 5, iingie kwa sababu zinakaribiana kwa macho. Itaingia kwa nguvu, na meno ya shimo la shaba yatakwisha. Ni afadhali kumpelekea fundi wa kukereza pale Kariobangi Light Industries skrubu nzima ya mfano, akutengenezee nyingine.

Nisugue shaba mpaka ing'ae kama dhahabu?

Hapana. Najua hili ndilo wengi walitaka kusikia kinyume chake.

Ule weusi wa kahawia juu ya shaba ni ngozi yake, inaizuia isiliwe zaidi. Maandishi yaliyochorwa kwenye bamba, kama jina la mtengenezaji, namba na mkondo, yana kina kidogo sana, na kila ukisugua unayafuta. Nimeona mabamba Gikomba yaliyong'arishwa kwa gurudumu la mashine hadi herufi zikabaki vivuli. Habari hiyo hairudi.

Mbaya zaidi ni ndimu na chumvi, dawa ya nyumbani ya sufuria za shaba. Chumvi ndiyo adui aliyekuwa akiila simu hii baharini, nawe unamrudisha kwa mikono yako. Asidi nayo huichomoa zinki iliyo kwenye shaba ya njano, na inaacha madoa ya waridi yenye vitundu. Doa la namna hiyo ukiliona tayari lipo, weka mbali kila kitu chenye uchachu.

Ninachofanya mimi: maji safi, sabuni ya kuoshea vyombo matone machache, brashi ya meno laini, kukausha kabisa, kisha nta ya nyuki iliyopakwa nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa cha pamba. Palipo na kutu ya kijani ya unga, nakwangua kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu. Sehemu iliyoguswa na mikono ya mabaharia itabaki na mng'ao wake wa asili, na pembe zitabaki na giza lake. Ndivyo ilivyokuwa kazini.

Nisuuze vipande kwa maji ya bomba, au ni lazima yawe maji ya betri?

Maji ya betri, kwa sababu ya chumvi iliyojificha. Simu iliyokaa baharini ina chumvi ndani ya vinyweleo vya chuma, chini ya rangi na kwenye meno ya skrubu. Nairobi hewa ni kavu kuliko pwani, kwa hiyo inaweza kukaa kabatini ikionekana imetulia. Mvua za masika zikianza, chumvi inavuta unyevu na kutu inaamka.

Suuza vipande vya chuma na shaba visivyo na koili kwa maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Badilisha maji mara kadhaa. Maji ya bomba yana klorini, na ya visima vingi vya Nairobi yana madini mengi, floridi ikiwemo. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo.

Kasha la chuma limeliwa na kutu. Je, nitumie njia ya umeme?

Kwa chuma tu, ndiyo. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko cha soda ya kufulia kwa kila lita, kipande cha chuma chakavu kwenye upande chanya wa chaja ya volti 12, na kasha kwenye upande hasi. Fanya nje, palipo wazi, kwa sababu hewa inayotoka ni haidrojeni na hulipuka. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande chanya, kwani huyapa maji kromiamu yenye sumu.

Usitumie magadi mabichi ya sokoni. Yanatoka ziwani yakiwa yamechanganyika na chumvi ya kawaida. Na usitie alumini ndani ya maji haya. Soda huila.

Bakelaiti imefifia na kuwa kahawia ya vumbi. Inarudi?

Kiasi. Bakelaiti, plastiki ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907, imechanganywa na unga wa mbao, na ngozi yake ya juu ndiyo inayoipa mng'ao. Jua likishaiua ngozi hiyo, unga hujitokeza. Hakikisha kwanza kwamba ni bakelaiti: isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse. Harufu kama ya sabuni ya kaboliki ni jibu tosha.

Safisha kwa kitambaa chenye unyevu, usiiloweke wala kutumia jiki. Kisha tumia dawa laini ya kung'arisha rangi ya gari, kidogo sana, na umalizie kwa nta. Ukisugua sana unaitoa ngozi iliyobaki. Ufa hujazwa kwa gundi ya epoksi iliyotiwa masizi meusi. Ukitazama kwa karibu utauona, na sioni ubaya.

Sauti ni hafifu au inakwaruza. Tatizo ni nini?

Anza na kitu kinachosahaulika: kitufe cha kubonyeza kwenye mkono wa simu. Simu nyingi za melini hazitumi sauti mpaka ukibonyeze. Ndani yake kuna vipande viwili vya fedha vinavyogusana, navyo hushika weusi. Kata ukanda wa karatasi ya bahasha, uloweshe kwa spiriti, upitishe kati ya vipande hivyo viwili, bana taratibu na uuvute. Utatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka karatasi itoke safi. Msasa hapa ni marufuku, unaondoa fedha yenyewe.

Kama kipaza sauti ni cha kaboni, chembe zake huenda zimegandana kwa unyevu. Toa betri kwanza, kisha ulaze mkono wa simu na ugonge ubavu wake kwa kiganja huku ukiuzungusha. Ukisikia mchakacho mwepesi kama mchanga, zimeachana. Zikikataa, kiache kidonge mahali pakavu na pa joto kidogo kwa siku kadhaa, ujaribu tena.

Kama ni ya nguvu ya sauti, pima koili kwa multimita. Inayosoma kitu ina uhai. Isiyosoma kabisa waya umekatika, mara nyingi pale unapotoka koili kuingia kituoni, na hapo mtu mwenye mkono mtulivu na lenzi anaweza kuusolda.

Naweza kumpelekea fundi wa jua kali?

Kwa kazi ya kasha, kukereza na kunyoosha bamba, ndiyo, na kwa furaha. Mafundi wa Kamukunji wananyoosha bati kwa namna ambayo sijaona penginepo. Lakini mkabidhi kasha tupu. Meza ya fundi wa vyuma imejaa unga wa chuma, na sumaku ya simu huunyonya unga huo kama sponji. Chembe moja ikiingia katika ile nafasi finyu kati ya ulimi na sumaku, sauti inakwaruza milele. Sehemu zenye sumaku zifungie kwenye mfuko wa plastiki nyumbani, na ukizifanyia kazi, tandika karatasi nyeupe mpya mezani.

Mwambie pia fundi kwa maneno ya wazi: "Usipige rangi, usisugue, usitoboe tundu jipya." Asipoambiwa, atakurudishia inang'aa, kwa nia njema kabisa.

Kengele hailii.

Zungusha mkono wa kijenereta ukiwa umetoa vidole kwenye vituo vya nyaya. Kijenereta kikiwa kizima hutoa kati ya volti 75 na 100 hivi, na utazikumbuka. Mkono ukizunguka kwa wepesi kupita kiasi na hakuna kitu, angalia swichi ndogo ya springi kwenye mhimili: mkono unapozunguka, mhimili husogea na kugusanisha swichi hiyo. Mara nyingi imejaa grisi iliyokauka. Isafishe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi za mhimili, si kwenye swichi.

Kengele yenyewe ina koili mbili na kinyundo kinachovutwa huku na huku. Ikiwa koili zinasoma kwenye mita na kinyundo kinacheza, legeza vikombe vya kengele na uvizungushe. Tundu la katikati halikai katikati kabisa, kwa makusudi, ili upate umbali sahihi.

Nyaya za ndani zimekauka na kumomonyoka. Nizibadilishe zote?

Mpira wa zamani ukipinda na kuvunjika, ndiyo. Luthuli Avenue utapata waya mwembamba wa nyuzi nyingi na mirija ya kitambaa ya kuvalisha juu yake, ili usionekane mgeni. Fuata njia zile zile, funga kwa uzi wa kitani uliopakwa nta kama walivyofunga wao, na usisolde kitu kilichokuwa kimefungwa kwa skrubu. Waya wa zamani uliotoa weka kwenye bahasha, uandike, uhifadhi ndani ya kasha.

Gasketi?

Kata mpya kutoka karatasi ya mpira inayouzwa kwenye maduka ya vipuri Kirinyaga Road. Ya zamani itumie kama kiolezo kabla haijavunjika.

Nifanye nini kuhusu tabaka za rangi?

Simu ya meli hupakwa rangi kila ukuta unapopakwa. Chagua sehemu isiyoonekana, nyuma ya bawaba, ukwangue kidirisha kidogo ukiwa umeilowesha, tabaka moja baada ya jingine. Utasoma historia yake pale. Kama rangi ya juu imeshika na haizuii mlango kufunga, mimi naiacha. Ukiamua kupaka, rudi kwenye rangi uliyoiona kwa macho yako kwenye kidirisha, na si nyeusi yoyote iliyopo dukani.

Naweza kuiunganisha na laini ya simu ya leo?

Ile yenye kuzungusha namba, pengine. Inahitaji adapta ya kuunganisha simu za kawaida na intaneti, na si kila adapta inaelewa midundo 10 kwa sekunde ya kidude cha kuzungusha. Uliza kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba kifaa kinachounganishwa na mtandao wa umma kinapaswa kuwa na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo ibakize nyuma ya adapta iliyoidhinishwa.

Ya kijenereta na ya nguvu ya sauti usiziunganishe na laini ya mtu yeyote. Volti za kijenereta zitaunguza vifaa vya kisasa. Watu wengine hung'oa matumbo yote na kuingiza spika ya bluetooth. Inaniuma kila nikiona.

Sheria inasemaje kuhusu kumiliki kitu kama hiki?

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na simu nyingi za melini ni changa kuliko hapo. Kinachopaswa kukusumbua zaidi ni ilikotoka. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 na wauzaji wanapaswa kuwa na leseni. Dai risiti. Simu yenye alama ya shirika la reli au ya bandari, ambayo muuzaji hawezi kueleza aliipataje, iache mezani pake.

Nina simu moja tu. Nitajuaje kama inaongea?

Ikiwa ni ya nguvu ya sauti, huhitaji ya pili kwa jaribio la kwanza. Vidonge viwili vya kwenye mkono wa simu mara nyingi ni sawa. Kitoe kimoja kikiwa kizima, bila kukifungua, ukiunganishe na mwenzake kwa waya mrefu wa nyuzi mbili, mpe mtu akae chumba cha pili, mlango ufungwe. Semeni kwa zamu, kwa sauti ya kawaida. Mkisikiana, kazi ngumu imekwisha.

Ya kaboni itakubidi uipe betri mbili kubwa za tochi na kisikilizio chochote cha simu ya mezani upande wa pili.

Baada ya hapo tafuta mwenzake, ikiwezekana wa mtengenezaji yule yule, kwa sababu koili zinazolingana hupeana sauti bora. Waya wa kengele wa nyuzi mbili unatosha kutoka lango hadi jikoni. Nunua kipande kimoja kisicho na kiungo katikati, na ukipitisha nje, kipitishe ndani ya mfereji wa plastiki, mbali na waya wa umeme wa nyumba.